Maji kwenye Kabureta, Mpando wa Newala

Pikipiki yangu ilikuwa kuukuu tangu siku niliyoipata, nami nilijigamba Masasi nzima kwamba haina ugonjwa nisioujua. Jumamosi ile ikanizimikia katikati ya mpando wa kwenda Newala. Mjomba wa mchumba wangu alikuwa ananingoja kabla ya adhuhuri anipe jibu la posa, na kwao neno la mjomba ndilo la mwisho. Hakupenda kungojeshwa.

Nikafungua plagi, nikaisugua. Cheche ipo. Nikafungua kabureta, nikapuliza kitundu cha petroli mpaka mashavu yakauma. Ikawaka, ikakohoa mara mbili, kimya. Nilirudia mara tatu. Mara ya nne niliipiga teke, nikaumia kidole mwenyewe.

Wanawake walikuwa wanapanda kutoka kisimani bondeni, mitungi kichwani. Mmoja akasimama ghafla, akanipa mgongo. Nikamtambua: mama wa mchumba wangu. Mtu na mkwewe hawatazamani wala hawazungumzi ovyo, kwa hiyo nami niligeuka upesi nikatazama magugu, spana mkononi.

"Shikamoo, mama," niliyaambia magugu.

"Marahaba. Lile debe lako la petroli, baba. Ulipolala kwetu ile siku ya mvua, nililikuta wazi uani. Nikadhani tupu. Nikakingia maji."

Hapo nikaelewa. Newala mvua ikinyesha hakuna chombo kinachoachwa kukaa bure; sufuria, bakuli, beseni, vyote hupangwa chini ya michirizi ya paa. Asubuhi alisikia harufu, akaona haya, akalifunga kifuniko akanyamaza. Angemwambiaje mkwe? Nami Jumamosi hiyo, kabla ya kuondoka Masasi, nilikuwa nimelimimina lote ndani ya tangi.

Maji hukaa chini ya petroli. Nikachomoa mpira wa tangi, nikaacha yamwagike barabarani, nikikinga kiganja kila mara mpaka matone ya maji yaliyokuwa yakiviringika ndani ya petroli yakaisha. Nikakausha kibakuli cha kabureta kwa shati langu la posa. Nikapiga kiki. Ikanguruma, nikapiga kelele za furaha peke yangu, maana wanawake walikwishatangulia.

Nilifika kwao adhuhuri imepita. Mjomba alikuwa amekunja uso.

"Umechelewa, mtu wa pikipiki."

"Petroli iliingia maji, mjomba."

"Aliyatia nani?"

"Mimi. Niliacha debe wazi."

"Fundi mzima! Basi rudi kwenu. Mzembe simpi mtoto wetu."

Nikageukia pikipiki yangu. Mara sauti ikatoka nyuma ya ua wa nyasi.

"Kaka, maji niliyakinga mimi. Yeye analijua hilo, na hakunitaja. Mkwe huyu mimi namtaka."

Mjomba aliugeukia ua. Kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Dada yangu hajapata kupaza sauti mbele ya mkwe," alisema. "Haya, tumekubali."

Nilitaka kusema asante, nikasema marahaba, nikalia mbele yao wote bila haya.