Gurudumu la Mbele

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mnanisema. Mnasema bibi ana ukali usio na sababu, mtu akigusa tu baiskeli iliyoegemea ukuta wake anafokewa, hata kama yenyewe imekwisha kwa kutu. Sababu ipo. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nitaieleza kama ilivyokuwa, mapambo tieni wenyewe.

Ilikuwa miaka ya themanini, nasi tukikaa bara ya Magarini, karibu na Nyari, lile bonde jekundu ambalo ardhi yake imemomonyoka ikabaki minara ya udongo. Mwaka ule mvua ilikosa. Mchanga uliunguza hata aliyevaa ndara. Maji tuliyafuata bwawani, na kwa miguu ilikuwa kazi ya asubuhi nzima kwa mtungi mmoja wa kichwani. Kilichotuokoa ni baiskeli yangu, iliyobeba mitungi minne kwa safari moja. Watu tisa walikunywa kwa baiskeli ile, na mbuzi juu yake. Siku ninayoisema, nyumbani kulibaki mtungi nusu.

Nilikuwa nimekwenda kukata kuni. Huku nyuma akaingia kijana wa Kizungu, magoti yanavuja damu, anakokota baiskeli yenye gurudumu moja. Usukani haina, mnyororo haina, karia haina. Kiti, pedali mbili na gurudumu, basi.

Mume wangu akaitazama, akayatazama na magoti, akajua: huyu ameporwa. Tena ameporwa katika ardhi yetu. Na kwa watu wa mume wangu hiyo ni fedheha. Mgeni akipotewa na kitu ndani ya mipaka yako, wewe mwenye mji unakirudisha kabla hajaaga. Baba mkwe wangu aliwahi kumpa mpita njia jogoo mzima kwa sababu kuku wake alinyakuliwa na mwewe uani kwetu, kana kwamba mwewe yule tulimfuga sisi.

Watu wa nyumbani wakamuuliza mgeni, gurudumu lingine liko wapi? Kiswahili chake kilikuwa jambo na maji. Akatabasamu, akanyoosha kidole kimoja. Wakaelewa kwamba anasema limebaki moja. Wakamhurumia zaidi.

Mgeni alipolala kivulini, mume wangu akamwita mdogo wake. Shemeji yangu huyo alijiita fundi kwa sababu alikuwa na spana. Wakafungua gurudumu la mbele la baiskeli yangu. Walitaka kulifunga kwenye ile ya mgeni, wakakosa pa kulitia, wakaona afadhali wamkabidhi mkononi, mafundi wa Malindi watajua wenyewe.

Nilirudi na mzigo wa kuni kichwani nikakuta mgeni amekwisha kulifunga gurudumu langu mgongoni kwa kamba, anashukuru, mikono kifuani. Kabla sijautua mzigo, akapanda kile kigurudumu kimoja, akayumba kidogo, akaenda zake. Amekaa wima, mikono hewani, anateremkia Nyari kama mtu aliyetumwa.

Mume wangu akamsindikiza kwa macho, akasema polepole, "Anaendesha moja, na moja amelibeba. Sasa lililoibwa ni lipi?"

Nikamwambia amkimbilie. Akakataa. Kitu kikishapewa mgeni, alisema, mwenye mji hakikimbilii. Nikamuuliza kesho watu tisa watakunywa heshima yake?

Basi nikaibeba baiskeli iliyosalia kichwani, ili yule mtu aone kwa macho yake kilichopungua, maana kwa maneno tusingeelewana. Nikafuata alama yake mchangani, mstari mmoja tu, katikati ya miiba. Njiani nikamkuta mzee mchunga mbuzi amesimama juu ya kichuguu, fimbo mkononi. Akaniuliza kama nimekutana na nyoka. "Nimechunga hapa tangu utoto," akasema, "sijaona nyoka anayekwenda moja kwa moja." Nikamwambia nyoka huyo amebeba gurudumu langu. Hakushuka.

Nilimkuta mgeni chini bondeni, anapanda na kushuka vilima vya udongo, anaanguka, anainuka, anacheka peke yake. Aliponiona na baiskeli ya gurudumu moja kichwani, uso ukamng'aa. Alidhani nami ni wa chama chake. Akanitua mzigo, akaishika wima, akaniashiria nipande. Mimi, mwenye mkazamwana nyumbani.

Nikamgeuza kwa bega. Nikaligonga gurudumu mgongoni mwake, kisha nikagonga pale mbele ya baiskeli yangu palipokuwa wazi. Mara tatu. Akatazama, akatazama, akaelewa, akakaa chini akacheka mpaka machozi. Sikucheka. Nilikuwa nahesabu mitungi.

Lakini kazi aliijua. Alitoa vifaa vyake akalirudisha, tena akaunyoosha ule upogo uliomshinda shemeji miaka miwili. Nikapanda baiskeli yangu nikarudi, naye akanifuata kwa gurudumu lake kuja kuwaaga wenyeji wake.

Nyumbani nilichukua mitungi minne moja kwa moja, nikaanza kuifunga niende bwawani kabla jua halijazama. Mume wangu hakuitazama mitungi. Alimtazama mgeni, anayeingia uani na gurudumu moja, mgongo mtupu. Nikauona uso wake unaingia haya upya.

"Amebaki na moja tena," akasema. "Mdogo wangu, lete spana."

Nikanyoosha mkono. "Spana ilete kwangu. Na kuanzia leo, mgeni akiingia mji huu, mpeni kiti, mpeni maji. Msimtengeneze."