Plagi Nne Zisizo na Kosa

Mume wangu ni fundi wa magari, na wateja wamempachika jina la Pima Kwanza. Ukimpelekea gari ukamwambia, "Fundi, badilisha pampu," atakutazama kama umemtukania mama yake. Habadilishi kitu kwa kubahatisha. Atasikiliza, atapima, atafungua kitu kimoja, na kitakuwa ndicho. Hata mimi alinichunguza miaka miwili kabla ya kuja kwetu kuposa, nusura niolewe na fundi viatu. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa sikuwahi kumsikia akisema "tujaribu."

Ijumaa moja mchana, binti yetu wa pekee aliingia uani na gari linalokohoa. Ni muuguzi. Alikuwa amepandishwa cheo na kuhamishiwa hospitali ya mbali, safari ya kutwa nzima, na Jumatatu asubuhi alitakiwa awe amesharipoti. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine. Alipanga kutusalimia tu, kisha aendelee na safari. Kwa miaka sita ndivyo anavyokuja: anasalimia, anakula, anaangalia saa. Shuka za chumba chake nazifua bila kulaliwa.

"Shikamoo, baba. Gari linanisumbua."

"Marahaba. Linafanyaje?"

"Likisimama halina neno. Nikikanyaga mafuta niondoke, linasita kwanza, halafu ndiyo linavuta. Mlimani ndiyo balaa kabisa."

Gereji yetu ni banda lililo wazi hapo hapo uani, na mimi nilikuwa kwenye dirisha la jikoni nikikata vitunguu, kwa hiyo niliona kila kitu. Baba yake alifungua boneti, akamwambia akae kwenye usukani akanyage taratibu. Injini ikanguruma, ikainama kidogo upande mmoja, kama injini zinavyofanya zikikanyagwa. Mume wangu akashika ule mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini, akauvuta kidogo. Injini ikakohoa. Akauachia, ikatulia. Akauvuta tena, ikakohoa tena.

Ukikaa na fundi muda wote huo, hata kama hutaki, utajifunza. Mpira ulikuwa na ufa kwa chini. Gari likiwa limetulia, ufa unajifumba. Ukikanyaga, injini inainama, ufa unafunguka, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma na mafuta yanakosa hesabu. Kazi ya dakika kumi. Na stoo ulikuwepo mpira kama ule ule, ulitolewa kwenye gari bovu ambalo siku hizi ni nyumba ya paka. Mume wangu alijifuta mikono, akasogea kando ya boneti, akamtazama mtoto wetu kupitia kioo cha mbele.

"Sijui," akasema. "Tujaribu plagi."

Kisu changu kilibaki hewani.

Binti yetu amekulia kwenye gereji ile ile, akimshikia baba yake tochi tangu hajafika urefu wa tairi. Alizima injini. Halafu akashuka, akakunja mikono ya blauzi na kuuliza, "Nikuletee spana ipi, baba?"

Basi Jumamosi ikawa sikukuu yetu. Plagi nne zisizo na kosa lolote zilitolewa, zikasuguliwa kwa brashi kama meno ya bwana harusi, zikarudishwa. Likafuata chujio la mafuta, zikafuata nyaya. Niliwasikia wakicheka kule chini ya boneti, wakibishana nani aliipoteza spana namba kumi, na nikaongeza mchele sufuriani ingawa tulikuwa watatu tu. Asubuhi ile nilikuwa nimesimama mlangoni kwake nikimwangalia alivyolala, mdomo wazi, mtu mzima wa miaka thelathini. Nilijua mume wangu anadanganya, tena kwa kazi yake, kitu ambacho hajawahi kumfanyia hata mteja mkorofi. Nilitakiwa niseme. Mimi sinyamazi, muulizeni muuza nyama. Lakini siku hiyo nilikuwa kimya kama maji mtungini.

Jumapili, kama saa nne asubuhi, mume wangu akasema, "Sasa tujaribu pampu."

Binti yetu akaweka spana chini.

"Baba, mpira wa hewa una ufa. Nimeuona tangu Ijumaa."

Baba yake akaokota kitambaa, akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na mafuta.

"Hospitali ya hapa inatafuta wauguzi," binti yetu akaendelea. "Nimeshauliza. Ukitaka nibaki, nitabaki, cheo kitakuja siku nyingine. Lakini niambie kwa mdomo, baba. Usiniambie kwa plagi."

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Mume wangu alifungua mdomo, na nilijua anachotaka kusema, maana nimemwona mara ngapi simu ya mtoto ikikatika, naye akibaki ameishikilia sikioni. Alisimama hivyo mpaka nikaona aibu kumtazama. Kisha akageuka, akaingia stoo, akatoka na mpira.

Alilegeza klipu mbili, akatoa mpira wa zamani, akapachika mwingine, akakaza. "Kanyaga," akasema. Injini ikapokea papo hapo. "Tena." Ikapokea tena. Akafunga boneti, akaenda bombani kunawa, na akanawa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe.

Mabegi yaliingia kwenye buti. Binti yetu hakukaa kwenye usukani. Alisimama kando ya mlango ulio wazi, ufunguo mkononi, akinitazama mimi. Baba yake alikuwa ameshindwa, nimebaki mimi. Lilikuwa neno moja tu, baki, na nilikuwa nalo mdomoni siku ya tatu ile. Nikisema kweli, nilikuwa nalo miaka sita. Nilimkumbuka mtoto wangu naye yuko mbele yangu, hatua tatu, ananingoja.

"Mwanangu," nikamwambia, "umechukua maji ya kunywa?"

Alinitazama kidogo zaidi.

"Nimechukua, mama," akasema, akaingia garini.