Simu Inayotangaza Mvua

Mwanahalima wa Msasani, mtaa wa hapa Tukuyu, ndiye tunayemwita akifariki mwanamke wa Kiislamu. Riziki yake ni biashara ya ndizi, ila kuosha maiti alifundishwa na marehemu mama yake, na hajawahi kumkatalia mtu. Kwenye simu alikuwa amelitengea kundi la wanawake wa msikitini mlio wake. Ukilia tu, anaacha mikungu sokoni anaondoka.

Kisha simu ikajisasisha yenyewe, bila kumuuliza mwenye mali. Tangu hapo yanayolia ni matangazo ya bahati nasibu, na kila asubuhi inamtangazia kwamba Tukuyu kuna mvua, kana kwamba kuna mtu hapa asiyejua. Ujumbe na hata simu za watu wake vikawa vinarundikwa chini kimyakimya. Mpwa wake Anwari akairekebisha, ikajisasisha tena, yakawa yale yale. Mimi ningeitupa chooni. Yeye alichoka tu, akawa anachungulia kila mara, maana Mama Husseni wa Ibighi alikuwa hoi kitandani. Hao wawili waliahidiana tangu usichana: atakayetangulia ataoshwa na mwenzake.

Siku hiyo alikwenda Ikuti kununua ndizi. Simu ililia njia nzima: bahati nasibu, mvua, vifurushi. Mwishowe akachoka kuitoa kifuani, akaiacha ilie. Simu za waliompigia kutoka Ibighi ziliingia bila mlio wowote.

Aliporudi alasiri alikutana na wanaume wakitoka makaburini, kanzu zimeshika matope. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Husseni, akaanza kulia kabla hajafika mlangoni. Naima, binti wa marehemu, akamkalisha mkekani na kumweleza taratibu kwamba walipiga, wakaandika kwenye kundi, wakamngoja mpaka adhuhuri ikapita. Ikabidi waoshe wengine.

"Alikuwa anakuulizia, mama mkubwa," alisema Naima. "Tukamwambia unakuja."

Mwanahalima alikaa pale mpaka wageni wakapungua.

Anwari alipomfuata kumrudisha nyumbani, aliomba simu ili aurudishe ule mlio wa kundi. Shangazi yake akaitoa, akamwekea mkononi bila kuitazama.

"Itengeneze, mwanangu," alisema. "Wengine nitawaosha. Yeye nimeshamkosa."