Ndege wa Saa Tatu Asubuhi

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nilikuwa mtega ndege. Chuoni Nairobi nilisema nimekulia mjini. Nilipokuja kusoma Minneapolis, Marekani, niliyekaa naye chumba kimoja aliniuliza kama kwetu watu huwinda, nikamjibu kwa hasira ya msomi kwamba si kila Mwafrika huzaliwa na mkuki mkononi. Lilikuwa jibu zuri. Nimelitumia kwenye karamu na hata ndani ya insha moja, na kila nilipolitoa nilikuwa nikikumbuka umande ukinipanda mapajani, nikielekea mitegoni.

Aliyenivunja ni jirani yangu hapa Maple Grove, mzee mstaafu ambaye kila Oktoba hutundika fezanti kwenye banda la gari lake. Fezanti, kama hujamwona, ni jamaa wa kwale, mkubwa kama kuku, mwenye mkia mrefu, na dume lake huvaa kama bwana harusi. Alinipa mmoja. Nilianza kumnyonyoa bila maji ya moto, kama tulivyofanya nyumbani, na vidole vikashika kazi bila kuniuliza. Binti yangu akataka kujua, kwa Kiingereza kama kawaida yake, nilijifunzia wapi. Nikamwambia kwenye mtandao. Nilikuwa nimechoka hata kukana vizuri.

Kwetu Busia ndege mwenyewe alikuwa isindu, yule mdogo ambaye Waswahili humwita tombo. Mvua zikipungua na wimbi likianza kuiva walishuka kwa makundi, na baba alisimamisha mti mrefu nyuma ya jiko. Juu yake alitundika vizimba vya fito vilivyosukwa mfano wa vibuyu, na katika kila kizimba dume mmoja. Kazi ya dume huyo ilikuwa kuimba. Wenzake waliokuwa wakipita walidhani kuna karamu, wakatua nyasini, ambako tulikuwa tumetega vitanzi vya katani kwenye vijia vyao vyembamba. Dume letu kongwe tulimwita Askofu, kwa kuwa alihubiri kila alfajiri na hakuna aliyewahi kumwona akienda kule alikowaita wengine. Mama hakulipenda jina hilo. Alisema litatufikisha pabaya siku ya kipaimara.

Mimi ndiye niliyemlisha Askofu wimbi na mchwa, kisha nikakagua mitego kabla ya shule. Haikuwa kazi ya msichana. Nyanya alisema msichana anayewapigia isindu mbinja ataolewa na upepo. Mume wangu ni muuguzi wa zamu, kwa hiyo nyanya hakukosea sana. Baba hakubishana na mama yake. Alisema tu nisiende bila ndugu yangu mdogo. Basi tulikuwa wawili, mimi mbele na fimbo ya nyoka, yeye nyuma na kikapu, fulana ikimfika magotini. Sikumbuki tukizungumza. Nakumbuka ubaridi wa nyasi, moshi wa jikoni ukitambaa chini kwa uvivu, na moyo wa ndege ukinipiga kiganjani kama saa iliyotiwa ufunguo kupita kiasi. Siku ambazo vitanzi vilikuwa vitupu, baba alisema mwenda bure si mkaa bure, akatuhimiza tunawe miguu tuende shule. Siku njema, nyanya aliwakausha ndege juu ya moshi, akawapika kwa maziwa na chumvi ya majivu. Mifupa yao ilikuwa laini. Ulitafuna yote pamoja na ugali wa mtama, na mbwa alibaki akitulaumu kwa macho.

Baba alizikwa mwaka jana. Mimi nilikwenda. Ndugu yangu, ambaye hutunza wazee katika makao fulani huko Saint Paul na ana kazi ya pili wikendi, hakupata ruhusa. Alitazama mazishi kwenye simu, katika chumba cha mapumziko, kisha akarudi kuwageuza wagonjwa vitandani. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa nusu saa, na tunaonana kwenye michango ya misiba ya watu wengine. Hapo ndipo nilipoamua twende tukawinde fezanti kule magharibi, kwenye mbuga za nyasi, mimi na yeye tu. Nilitaka nimpate mahali ambapo hana zamu.

Jirani alinisaidia kupanga, maana tungekwenda wenyewe bila kiongozi wa kulipwa. Nilisoma kozi ya usalama wa bunduki pamoja na watoto wa rika la binti yangu, ambao walikuwa wakijibu maswali kabla sijavaa miwani. Nikakata leseni. Nikanunua kizibao cha rangi ya machungwa, nikafanana na koni ya barabarani. Tukazungushia wino kwenye ramani ardhi za umma ambazo yeyote mwenye leseni anaweza kuingia, hasa pale ambapo mashamba ya mahindi yanapakana na vinamasi vya matete. Jirani alinionya kwamba mlango wa gari hufungwa polepole, kwa sababu fezanti husikia, kwamba ni dume tu anayepigwa, na kwamba hairuhusiwi kufyatua kabla ya saa tatu asubuhi. Saa tatu! Saa hiyo Askofu alikuwa amemaliza ibada zote na kulala. Niliona kama tunakwenda kuwinda ndege wa serikali, wanaosubiri ofisi ifunguliwe.

Halafu nikafanya kosa letu sisi sote. Niliitaja safari kwenye kundi la simu la familia na watu wa kanisani, nikidhani ndugu yangu ataona haya kukataa mbele za watu. Kufikia Jumapili tulikuwa na kamati. Shemeji alikuwa mwenyekiti. Kazi ya chakula alipewa mama mmoja wa kanisani ambaye amepika pilau ya harusi zetu zote. Wakajadili fulana za sare, gari la kubeba majiko, na nani atatufungulia kwa sala. Nikaeleza kwamba mawindo hayo yanataka watu wachache na ukimya.

"Kwani tunaenda kuwinda au kuiba?" akaandika mama wa pilau.

Nikasema tutatembea kutwa nzima nyasini, kwamba kuna kupe, na kwamba tunaweza kurudi bila hata unyoya. Mama wa pilau akaandika tena: "Dada yangu, kuku wako hapo dukani Maple Grove. Na wamenyonyolewa tayari."

Wakajitoa mmoja mmoja, kila mtu na zamu yake. Ndugu yangu pekee hakuandika neno, la kukubali wala la kukataa.

Naambiwa isindu hawaji tena kama zamani. Palipokuwa na wimbi pamepandwa miwa, na watoto wa pale hawajui kusuka kizimba. Nyanya hayupo, baba hayupo. Anayejua ile njia ya umande amebaki ndugu yangu, na kama nimeikumbuka vibaya, hakuna mwingine wa kunisahihisha.

Alipiga simu Jumatano akitoka kazini. Nilisikia treni ikipita nyuma yake.

"Dada," akasema, "kuhusu ile safari. Kuna kitu sijawahi kukuambia."

Nilijua ni zamu. Nikaanza kumwambia kwamba si neno.

"Mimi sikuwapenda wale ndege. Hata siku moja. Niliogopa nyoka, niliogopa wakipapatika. Nilikuja kwa sababu baba alisema ukienda peke yako utapotea."

Nikakaa kwenye ngazi. Maisha yangu yote nilidhani mimi ndiye niliyepewa kumlinda yeye.

"Nilikuwa na miaka sita," akasema. "Sijui ningekuokoa na nini."

Nikacheka, kicheko kikatoka vibaya. Nikamwambia basi tuiache, nitamrudishia jirani ramani zake.

"Nani amesema tuiache? Nimeomba ruhusa, wamenipa. Bunduki utashika wewe." Akapiga miayo mirefu, ya mtu aliyesimama tangu jana. "Niambie tu tunaondoka saa ngapi, nilale kwanza."