Giga Mbili Zilizopungua Mgori

Kwa wafuga nyuki wa Mgori, kumwita mtu nyegere ni tusi. Nyegere ndiye anayeangusha mizinga, akala asali pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki, akamwachia mwenyewe masega yaliyovurugika. Kwa hiyo siku ya mkutano wa kikundi, Mzee Alute alipotamka neno hilo huku akimtazama Yunisi, Klara alihisi masikio yake yanawaka. Yunisi ni binti yake.

Mambo yalianza hivi. Kikundi kina mizinga mia mbili na kumi kandokando ya msitu, na mnunuzi mpya alitaka kila mzinga upigwe picha kila msimu na picha zitunzwe. Kazi ikapewa Yunisi, aliyemaliza kidato cha nne na kufungua kibanda cha kuchaji simu na kuingizia watu nyimbo. Akaenda Singida mjini, akarudi na kadi ya kutunzia picha, ndogo kama ukucha, imeandikwa giga thelathini na mbili. Mwalimu Peniel, katibu wa kikundi, alipoichomeka kwenye kompyuta yake, kompyuta ikasema ishirini na tisa nukta nane.

Mwenyekiti Zefania hakugomba. Alituma ujumbe kwamba Jumamosi binti aje aeleze giga mbili zimekwenda wapi, na kama hana maelezo, kazi atapewa mtu mwingine.

Klara aliishia darasa la tano, na ni mtu wa kulala na wasiwasi hata mambo yakiwa shwari. Alhamisi, wakichuja asali, alimwuliza binti yake kama kadi ile aliinunua mpya. Yunisi akasema ni mpya, akaeleza kwamba kiwanda kinahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa elfu moja ishirini na nne. Klara akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Yunisi alipokwenda kuchota maji, mama akafungua mkoba wa binti na kuupekua. Alikuta kitana, kalamu na pakiti tupu ya kadi. Akaufunga haraka, akaona aibu peke yake, lakini wasiwasi haukumtoka.

Jumamosi walikutana kwenye ghala la asali, watu kumi na wanne. Yunisi aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akasimama karibu na mizani. Zefania akamwuliza swali lake. Hapo ndipo Mzee Alute alipodakia.

"Labda zimeliwa na nyegere," alisema. "Siku hizi wapo mpaka wenye cheti cha kidato cha nne."

Watu wakacheka. Klara alitaka kusimama, akajizuia. Yunisi alisubiri kicheko kiishe, kisha akaomba ndoo moja iliyojaa iwekwe juu ya mizani.

"Baba Mwenyekiti, ndoo hii ni ya lita ngapi?"

"Ishirini."

"Na mizani inasema kilo ngapi, ukitoa uzito wa ndoo yenyewe?"

Zefania akainama kusoma, ingawa jibu alilijua tangu ujana wake. "Ishirini na nane."

"Hizo nane umeziongeza wewe?"

Kicheko sasa kikahamia upande wa pili. Zefania mwenyewe akatabasamu kidogo. Akasema asali ni nzito, lita ni kipimo kimoja na kilo ni kingine, na asali ndani ya ndoo ni ileile.

"Na kadi ni ileile, baba. Waliopima ndio wawili."

Akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa ghala. Baiti moja, alisema, ni kama herufi moja unayoandika. Kompyuta hupenda kuhesabu kwa kuzidisha mara mbili: mbili, nne, nane, kumi na sita, na ukifanya hivyo mara kumi unafika elfu moja ishirini na nne. Hiyo ndiyo kilobaiti ya kompyuta. Ya kiwandani ni elfu moja kamili. Kutoka kilobaiti kwenda megabaiti unazidisha tena, kutoka mega kwenda giga unazidisha tena, na kila hatua kipimo cha kompyuta kinazidi kukiacha kile cha kiwandani. Kipimo kikiwa kikubwa, idadi inakuwa ndogo. Ndiyo maana thelathini na mbili za kiwandani zinasomeka ishirini na tisa nukta nane.

Zefania akakuna kidevu. "Basi tukinunua ya sitini na nne, itasoma sitini na mbili, si ndiyo? Inakula mbili zilezile."

Yunisi alifungua mdomo, ila sauti iliyosikika ilikuwa ya mama yake.

"Hapana. Ndoo moja inazidi kwa kilo nane. Ndoo mbili zinazidi kwa kumi na sita. Kadi ikiwa mara mbili, na upungufu ni mara mbili. Itapungua nne na kitu. Itasoma hamsini na tisa."

Klara mwenyewe alishangaa kwamba anaongea. Mwalimu Peniel akatoa mfukoni flashi yake ya giga sitini na nne, aliyoinunua mwenyewe Dodoma, akaichomeka kwenye kompyuta aliyokuja nayo. Wakasogea wote kutazama. Hamsini na tisa nukta sita.

Mzee Alute alitazama muda mrefu kuliko wengine. Kisha akageuka kwa Yunisi. "Neno langu nalirudisha, mjukuu wangu. Nalirudisha mbele ya hawahawa waliolisikia." Yunisi akapiga goti kidogo kupokea.

Zefania alimkabidhi daftari lenye namba za mizinga, akamwambia aanze Jumatatu na safu ya mashariki. Mwalimu alipotaka kufuta mlango, wanakikundi walimzuia, wakasema maandishi yabaki.

Njiani kurudi Klara alitembea mbele, ndoo tupu kichwani, akiwasalimia watu ambao siku nyingine angewapita tu. Emiliana, jirani yake, alipomwuliza mkutano ulikuwaje, alijibu kwamba binti yake amewafundisha wazee hesabu, na wameelewa.

Kisha akapunguza mwendo mpaka Yunisi akamfikia, akaanza kumwuliza Jumatatu atavaa nini, maana nyuki wa safu ya mashariki ni wakali.