Mbwa wa Tshibola Juu ya Tangi la Maji

Tshibola hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, kwa maana hata mara ya kwanza hakuwa amelisikiliza. Ndivyo majirani walivyomsema katika kambi ile ya wafanyakazi wa shaba nje ya Kolwezi, miaka ambayo Wabelgiji walikuwa bado wanawapangia watu hata saa ya kuzima moto jikoni. Aliletwa kutoka Kasai akiwa bibi arusi, akashushwa kwenye gari-moshi na sufuria zake, akapewa nyumba ya matofali katika mstari wa nyumba zilizofanana mno. Siku za mwanzo aliwahi kuingia kwa jirani na kufagia sebule nzima kabla hajagundua kwamba hapakuwa kwake. Jirani huyo, Elise, alimwacha amalize kwanza. Tangu hapo wakawa marafiki.

Mumewe, Muamba, alikuwa mpole. Alifanya kazi mgodini, alimwogopa Mungu na zaidi ya Mungu alimwogopa Bwana Kambi, yule Mzungu msimamizi aliyeshika funguo za nyumba zote. Si kosa lake. Nyumba ya kambi ilikuwa ya mtu maadamu ana kazi, na kazi ilikuwa ya mtu maadamu Bwana Kambi hajaamka na hasira.

Mungu akawajalia pacha, Mbuyi na Kabanga. Kwa Waluba, mama wa pacha si mama hivi hivi tu. Huitwa Mwa Mbuyi, na akianza kuimba nyimbo za pacha ana ruhusa ya kumtukana yeyote amtakaye, awe mkwe au chifu, kwa maneno ambayo siku nyingine yangemfanya apigwe kofi. Hakuna wa kumjibu, wala hakuna wa kumgusa mpaka amalize. Anayemgusa anajitafutia balaa na kulipeleka nyumbani kwa watoto wake. Mapadri walizikataza nyimbo hizo, basi wanawake wakaziimba jikoni.

Mbwa alikuja baadaye. Tshibola alikuwa akifua nguo kwa Mzungu mmoja, fundi wa mitambo, na Mzungu huyo akarudi kwao Ulaya. Siku Tshibola alipokwenda kuchukua beseni lake alilolisahau, alikuta nyumba imefungwa na mbwa amefungwa kwenye bomba la maji, mbavu nje, sauti imemkauka. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, kichwa chake kilimfikia Tshibola kiunoni, na alikuwa amefundishwa kumbwekea kila mtu mweusi apitaye njia. Hata siku ile, kwa sauti iliyobaki, alijaribu.

"Umebweka ya kutosha," Tshibola alimwambia huku akifungua kamba. "Sasa utakula bukari ya mihogo kama sisi."

Akamwita Kapita, kwa sababu alipenda kulala kivulini na kuwatazama watu wakifanya kazi. Kapita wa Muamba, yaani mnyapara wake kule mgodini, aliposikia jina hilo hakucheka hata kidogo. Lakini mbwa alijifunza. Tshibola alipokwenda shambani kung'oa mihogo, Kapita alijilaza mlangoni, na pacha hawakutoka wala mgeni hakuingia. Tshibola alimpenda mbwa yule, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu, ingawa walimcheka kwamba ameolewa mara ya pili.

Kisha, kiangazi kimoja, zikaja habari za kichaa cha mbwa katika kambi nyingine. Amri ikatoka: mbwa wa Wazungu wapelekwe kudungwa sindano, mbwa wa kambi wapigwe risasi. Basi, hivyo tu, kana kwamba kichaa cha mbwa kinatazama kwanza rangi ya mwenye mbwa ndipo king'ate.

Tshibola alimfunga Kapita kamba, akampeleka mjini kupanga foleni ya sindano nyuma ya mbwa wadogo waliobebwa na maboyi. Mganga wa mifugo alimtazama mbwa, akamtazama Tshibola.

"Mbwa wa nani huyu?"

"Alikuwa ya Muzungu."

"Alikuwa. Sasa ni wa nani?"

Tshibola angeweza kudanganya, na wengi walimlaumu baadaye kwa kutodanganya. "Ni yangu," alisema. Akarudishwa nyumbani bila sindano.

Polisi wa kambi walikuja asubuhi, wakaanza na mstari wa kwanza wa nyumba. Mwenye bunduki alikuwa Badibanga, Mluba wa Kasai kama Tshibola na mumewe, aliyewahi kuwa askari, mtu wa kunyoosha kofia hata akiwa peke yake. Risasi ya kwanza ilipolia, Kapita alikata kamba akakimbia. Katikati ya kambi palikuwa na tangi la maji, tangi kubwa la chuma juu ya miguu mirefu, lenye ngazi ya chuma inayopinda kwenda juu. Mlango wa uzio uliachwa wazi. Kapita akapanda.

Mbwa mwenye woga hupanda popote. Kushuka ni habari nyingine. Vidato vya ngazi ile vilikuwa na matundu, na kupitia matundu hayo mbwa aliona ardhi iko mbali chini ya miguu yake. Alifika kwenye kijia kinacholizunguka tangi, akalala kifudifudi, akalia kilio kilichosikika mpaka sokoni.

Watu wakajaa. Bwana Kambi akaja na soksi zake zilizovutwa hadi magotini. "Piga!" alimwambia Badibanga.

Badibanga alilenga, halafu akashusha bunduki. "Bwana Shefu, risasi itatoboa tangi. Haya maji inafika mpaka ku nyumba yako."

Bwana Kambi alifikiria bafu lake. Akasema apande mtu amsukume mbwa aanguke. Hakupanda mtu. Akasema basi, Badibanga asimame hapo hapo na bunduki, na mbwa akigusa ardhi, kwa kuanguka au kwa kushuka, apigwe.

Tshibola alikuta mambo yamefikia hapo, anatoka mtoni, pacha mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Muamba, aliyekuwa ametolewa usingizini baada ya zamu ya usiku, alimwahi kabla hajafika mbele.

"Mama Mbuyi, wacha tu. Ni imbwa. Batatufukuza mu nyumba juu ya imbwa?"

"Tata Mbuyi, kama banaweza kutufukuza juu ya imbwa, basi hatukukuwaka na nyumba tangu zamani."

Muamba alimshika mkono, si kwa nguvu, na alipoona macho ya mkewe akauachia. Tshibola aliifungua mbeleko, akampa Elise pacha wote wawili, akaizungusha mbeleko shingoni, akaingia uzioni. Bwana Kambi alipiga kelele kwamba ashuke. Alikuwa bado hajapanda.

Nisimfanye shujaa asiyeogopa. Aliogopa sana. Upepo wa kiangazi ulipuliza nguo zake, chuma kilitikisika, na katikati ya ngazi alitazama chini kupitia matundu yale yale aliyoyaona mbwa, akaelewa kwa nini mbwa analia. Akakaa kwenye kidato, akajitukana mwenyewe kwa Kiluba, akainuka.

Kapita alikuwa amenasa kucha zake kwenye wavu wa chuma. Alipomwona bibi yake alinguruma kwanza, kisha akaanza kutetemeka mwili mzima.

"Ulipanda na akili ya nani, weye?" Tshibola alimuuliza. "Unajua kupanda tu? Haya, miye pia najua kupanda tu. Tutajua kushuka pamoja."

Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga mbwa macho ili asiione tena ardhi. Akazinasua kucha moja moja. Kisha akampa mgongo, akavuta miguu ya mbele juu ya mabega yake, akapitisha mbeleko chini ya matako ya mbwa, akaikaza na kuifunga kifuani, fundo juu ya fundo, vile vile alivyowafunga wanawe. Aliwahi kubeba magunia ya mihogo kutoka shambani na kuni juu yake. Lakini gunia halihemi sikioni, wala gunia halikojoi. Kapita alikojoa, na mkojo ukamshuka Tshibola mgongoni mpaka visigino.

Alishuka kinyumenyume, uso kwenye ngazi, mikono miwili kwenye chuma. Alipokaribia chini, aligeuza shingo akamwona Badibanga amesimama palepale ngazi inapoishia, kitako cha bunduki begani, akingoja.

Hapo ndipo woga ulipomtoka wote na hasira ikakaa mahali pake. Kwa hiyo nimshushe mimi, nimpeleke mwenyewe kwenye mdomo wa bunduki yao? Wanipe na ahsante?

Akaanza kuimba nyimbo za pacha.

Alianza na Badibanga, akamwuliza kama ni mama yake aliyemzaa au ni bunduki. Wimbo ukapanda mpaka kwa Bwana Kambi: akaimba soksi zake, akaimba magoti yake, akaimba vilivyomo ndani ya kaptula yake na jinsi vilivyo vidogo kwa mtu mwenye funguo nyingi hivyo. Mengine hayaandikiki. Yote yalikuwa kwa Kiluba. Elise, mwenye watoto wa mwenzake mikononi, aliitikia wa kwanza, na baada yake wanawake wote waliotoka Kasai, kisha hata wale wa kaskazini ya Katanga, ambao hawakujua maneno lakini walijua wanamtukana nani.

"Banaimba nini?" Bwana Kambi aliuliza.

"Ni wimbo ya kushukuru Mungu, Bwana Shefu," alisema Badibanga, jasho likimtoka. Alikuwa ameshusha bunduki na kurudi nyuma, macho kwenye udongo, kama inavyompasa mwanamume mbele ya Mwa Mbuyi anayeimba.

Tshibola akakanyaga ardhi. Hakufungua mbeleko.

"Weka chini ile imbwa!"

Aliimba.

"Badibanga! Mushike!"

Badibanga hakusogea. "Bwana Shefu, uliniambia imbwa ikigusa udongo. Haiyagusa udongo."

Tshibola akapita katikati yao, miguu ya nyuma ya mbwa ikining'inia na mkia ukimpiga mapaja. Akashika barabara kuu ya kambi, wanawake nyuma yake wakiitikia, akapita mbele ya ofisi, akapita kizuizi ambacho mlinzi wake alikimbilia kukifungua, akavuka kijito. Huko ng'ambo kulikuwa si kambi tena. Kulikuwa na tanuru za makaa za mzee Kisimba, ambaye hakuwa mfanyakazi wa mtu. Hapo ndipo alipofungua fundo, akaanguka chini pamoja na mbwa wake, akalia kwa sauti mpaka Kisimba akadhani amefiwa.

"Unichungie yeye, tata," alisema alipopata pumzi. "Ku kambi hana kwao."

Kisimba alimtazama mbwa. "Atanichungia miye," alisema.

Kesho yake ilikuwa siku ya posho. Wanawake walipanga foleni na vikapu vyao kusubiri unga na samaki mkavu, na mbele yao wote Bwana Kambi akaweka meza. Aliwaita Tshibola na Muamba. Hakutaka mengi, alisema. Mwanamke aseme mbele ya wote kwamba alichukua mbwa mbele ya macho ya serikali, aombe msamaha, na aseme mbwa yuko wapi. La sivyo, Muamba aweke ufunguo wa nyumba mezani na gari-moshi linawangoja.

Muamba alikwisha kuutoa ufunguo. Ulikuwa kiganjani mwake.

Tshibola alikunja mikono. "Imbwa gani, Bwana?"

"Imbwa uliyobeba!"

"Nilibebaka mutoto."

Bwana Kambi akawa mwekundu mpaka masikioni. Akamnyooshea kidole Elise. "Weye! Alibeba nini?"

"Mutoto, Bwana."

"Weye?" Wa nyuma yake. Mtoto. Na wa nyuma ya huyo. Mtoto, Bwana, na alikuwa analia sana, maskini.

Akamgeukia Muamba, mtu aliyemwogopa kuliko wote, akaegemea meza akijua kwamba hapa amefika. Muamba alimtazama mkewe, aliyekuwa bado ananuka mkojo wa mbwa licha ya kuoga mara mbili.

"Ni mutoto yetu, Bwana," alisema kwa sauti ndogo. Kisha, kwa kuwa alikwisha kuingia majini, akaoga kabisa: "Alikuwa na homa."

Alibaki Badibanga. Alisimama kando ya meza na bunduki yake, mwajiriwa wa kambi, mwenye mke mjamzito na nyumba ambayo ufunguo wake pia ulikuwa wa Bwana Kambi. Tshibola alitazama pembeni. Hakutaka kumwona mtu wa kwao akianguka, wala hakuwa na haki ya kumwomba asianguke.

"Badibanga," Bwana Kambi alisema taratibu. "Weye ni askari. Ulikuwa karibu kuliko wote. Mugongoni kulikuwa nini?"

Badibanga alinyoosha kofia yake.

"Mutoto, Bwana Shefu."

Bwana Kambi alipiga meza kwa ngumi. "Mutoto ya miguu ngapi?"

Badibanga alileta visigino pamoja, kifua mbele, macho mbali juu ya kichwa cha Mzungu, kama walivyomfundisha wao wenyewe.

"Sikuhesabu, Bwana Shefu."

Na Muamba, kabla hajaambiwa na mtu, akaurudisha ufunguo mfukoni.