Ngao Nyeupe ya Mumbere

Udongo mweupe ukilowa hutoa harufu ya baridi, kama ya shimo lililofunikwa siku nyingi. Nikiisikia popote, hata leo, huondoka mahali hapo. Kwetu Butembo tulipaka kuta udongo huo kila ilipokaribia Noeli, na mama yangu, nawaambieni kweli, alikuwa fundi wa kujivunia.

Miaka michache baada ya uhuru, waasi waliingia mjini, na kaka yangu mkubwa, Mumbere, akajiunga nao. Walimnyunyizia maji ya dawa, wakamhakikishia kwamba risasi za jeshi zitageuka maji, mradi asiguswe na mwanamke. Mama, Mprotestanti wa kufa na kupona, hakuiamini dawa hiyo hata kidogo. Akaishusha darini ngao ya babu, ya ngozi ya nyati, akaipaka udongo mweupe. Milima yetu ina ukungu, na alitaka wenzake Mumbere wamwone, wasije wakampiga kwa makosa.

Siku ya kuondoka, hata hivyo, hakuthubutu kumkumbatia. Aliilaza ngao chini, akarudi nyuma.

“Beba, mutoto wangu. Miye sitakugusa.”

Aliyeturudia ni rafiki yake, Kakule, akiwa na ile ngao. Matundu ya risasi yalikuwa yamejazana katikati.

“Mama, basoda ba jeshi balikuwa mbali, ngambo ya mto,” alisema. “Balikuwa banalenga tu ile kyeupe.”

Mama akakaa chini. “Donc, basi, ni miye nilibaonyesha mutoto wangu.”

Nilikuwa bado mdogo, nikamkasirikia. Mama hakutoka nyumbani siku zile zote. Nilimwona kwa macho yangu akichambua maharage. Aliwaonyesha saa ngapi? Noeli ile, na zote zilizofuata, kuta zetu zilibaki rangi ya tope, na majirani wakatusema kwa uvivu.

Nilijifunza Kiingereza ukubwani, Kampala, nilikofuata biashara ya mume wangu. Siku moja mwalimu akatueleza kwamba neno “target”, yaani lengo, zamani lilikuwa jina la ngao ndogo ya mviringo. Baadaye jina hilo likahamia kwenye shabaha ya wapiga mishale, kisha kwenye kila kusudi la mtu. Wenzangu waliona ni kichekesho. Mimi nilitoka nje nikalia.

Ndipo nilipomwelewa mama, naye alikuwa ameshazikwa. Miaka yote ile tulikula chakula chake, tukasali naye, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba aliyemuua Mumbere ni yule aliyefyatua bunduki.